Milimita Tisa za Upande wa Kushoto

Mlango wa kushoto uligoma. Fundi aliusukuma kwa kiganja, kwa nyonga, kwa bega; ukabaki umeachama chini, nafasi ya kupitisha kidole.

"Umenuna kama bibi harusi aliyeletewa bwana siye," alisema baba yake mdogo.

Hakucheka. Siku ishirini zilikuwa zimepita tangu wamzike baba yake, na tangu hapo alikula, akalala na kuchomelea vyuma kama mtu anayemshikia kazi mwenzake aliyesafiri. Machozi hayakuja. Watu walimwambia yatakuja.

Karakana yao ilitengeneza bodi mpya za chuma kwa magari ya zamani ambayo bodi zake zimeliwa na kutu. Hii ilikuwa ya kwanza. Kalibu zake, vile vyuma vizito ambavyo presi hukandamizia bati mpaka lipate umbo, baba yake alizichonga kwa miaka miwili, akinakili gari kuukuu lililoegeshwa uani. Kalibu ya nguzo ya mlango wa kushoto ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yake.

Fundi akapima uwazi wa milango kwenye bodi mpya, kulia kisha kushoto. Tofauti milimita tisa. Akatoka uani, akapima gari kuukuu. Milimita tisa zilezile.

Akachukua sumaku, akaibandika chini ya nguzo ya kushoto. Ikaanguka. Akaiokota, akairudishia. Ikaanguka tena. Chini ya rangi hapakuwa na chuma, palikuwa na puti, mchanganyiko wa kuzibia mabonyeo. Gari hilo liliwahi kugongwa, likanyooshwa nusunusu, likapakwa, likapendeza. Na baba yake, aliyekuwa akimfokea yeyote anayeshika futi ya kupimia kabla ya kupitisha sumaku, alikuwa ameinakili ajali.

"Hakupitisha sumaku," alimwambia baba mdogo aliporudi ndani.

"Alikuwa mgonjwa, binti yangu. Mwishoni hata kikombe alikishika kwa mikono miwili." Baba mdogo alishusha sauti. "Tuupunguze mlango uingie, yaishe. Nani atajua? Kalibu ile ukiikata, utabaki na nini cha kwake?"

"Na bodi ya pili? Na ya kumi? Kila mteja atakuwa amegongwa kabla hajawasha gari."

Baba mdogo alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Akatoka nje.

Fundi alijipekua ndani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni: hasira, huruma, chochote kile. Hakuna. Alijua tu kwamba chuma kimekosewa. Akaibana kalibu kwenye jiliwa la mezani, akavaa miwani, akawasha grenda. Cheche zikaruka hadi kwenye viatu vyake.

Baada ya muda kalibu iliacha kutikisika. Baba mdogo alikuwa amerudi, ameishika upande wa pili, uso ameugeuzia ukutani.

Alipokaribia ukingo wa chini, aliona alama za tupa ya baba yake. Juu zilikuwa zimenyooka. Chini ziliyumba, zikapandana, kama mwandiko wa mtu anayesinzia. Akazima grenda.

Baba mdogo akangoja alie. Hata leso alikuwa ameshaitoa.

"Nipe chaki," Fundi alimwambia.

Akachora mstari pale nguzo ilipotakiwa kuwa, akaupima mara mbili, akawasha tena.