Sufi ya Ekzosi ya Kushoto

Fundi aliisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akazifungua ekzosi zote mbili na kuzilaza juu ya gunia karibu na mlango, penye mwanga. Mwenye pikipiki, msoma mita za maji, alikaa kwenye kreti ya soda, helmeti mapajani, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Sufi ya ndani imekwisha," fundi alisema. "Hiyo ndiyo inayokula kelele. Ikiungua, kelele yote inabaki kwako na kwa majirani."

"Majirani wamesema mpaka wamechoka."

Ni kweli walisema, kwa upole kwanza, kisha kwa ukali, na yeye akatia nta masikioni. Hakuja kwa fundi kwa ajili yao. Alikuja kwa ajili ya mke wake. Tangu binti yao aolewe, nyumba ilikuwa na watu wawili, na mmoja hasemi. Si kwamba mke amenuna. Alisema chakula kiko tayari, alisema sabuni imekwisha, alisema pole na kazi. Zaidi ya hapo, miaka minne sasa, hakuna. Msoma mita aliumizwa na upweke huo kuliko alivyoweza kumweleza mtu, na baada ya kufikiri sana aliona kosa ni la pikipiki. Akiinyamazisha, mke ataanza tena kuzungumza naye.

Fundi alizikata ribiti za ekzosi ya kulia kwa drili, akavuta bomba la ndani lenye matundu. Sufi iliyolizunguka ilikuwa nyeusi. Alipoigusa kwa koleo ilipiga honi. Ikawika jogoo, kisha ikamtukana mtu kwenye njia panda. Fundi akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga.

"Ya kulia huwa ya barabarani," alisema. "Kila mtu anatukanwa, usijali."

Neno likifunikwa na kelele haliendi mbali. Huingia bombani likanasa kwenye sufi, na kila ikiguswa linatoka. Mafundi wote wanalijua hili, ndiyo maana wengi wao hufanya kazi hiyo redio ikiwa juu.

Fundi huyu alizima redio alipofika kwenye ekzosi ya kushoto, kwa heshima tu. Kushoto ndiko alikosimama mke kila asubuhi, getini, mume akipasha injini moto. Alikuwa akimweleza mambo, na mume alikuwa akiitikia kwa kichwa. Aliitikia yote, maana mtu akishakubali haulizwi mara ya pili, na mita za watu zilikuwa zinamngoja.

Tabaka la juu lilitoka kimya. Fundi aliligeuza, akalikung'uta.

"Hili la miaka ya karibuni," alisema. "Halina kitu."

Chini yake palikuwa na sauti ya mke, na nyuma yake injini ikinguruma.

"Dada kapiga simu. Mama kazidiwa. Niende leo? Au ningoje mwisho wa mwezi twende wote?" Ikapita pumzi moja. "Ningoje?"

Baada ya hapo sufi ilitoa mlio wa gia ikiingia. Jibu halikuwemo, kwa kuwa kichwa kikiitikia hakitoi sauti. Mama mkwe alifariki kabla mwezi haujaisha. Walikwenda wote kuzika, wakarudi wote, na msoma mita alidhani kimya cha mkewe ni cha msiba, kitapita.

Fundi aliendelea kubandua, maana kazi ni kazi. Matabaka ya chini yalikuwa ya zamani zaidi. "Nimepewa miche ya pilipili, nitaipanda kule nyuma." "Nimekuota umekuwa mfupi, nikacheka mpaka nikaamka." "Rudi mapema leo, nakuomba." Msoma mita alitazama helmeti yake. Hayo ya pilipili na ndoto ndiyo yaliyomliza.

Fundi alimwacha alie. Alisugua masizi kwa brashi ya waya, akazungushia mabomba sufi mpya nyeupe, akaikaza kwa waya mwembamba, akarudisha vifuniko na kupiga ribiti. Pikipiki ilipowaka ililia kama friji.

"Mfuko wa sufi ya kushoto uchukue," alisema. "Nikiutupa jalalani mbwa hawatalala."

Jioni ile mke hakuja kufungua geti, kwa sababu hakusikia mtu akija. Ilibidi mume agonge kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Nani?"

"Mimi."

Geti likafunguka. Alimwonyesha mfuko na kumwambia kilichokuwa ndani. Alisema ile siku ya mama hakusikia, aliitikia tu kama kila siku, na laiti angesikia angemwambia aende, tena angempeleka mwenyewe.

Mke alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua hukusikia," alisema. "Mtu gani angesikia? Nilikuwa nangoja uzime."

Kisha akatazama nyuma ya bega la mumewe. Pikipiki ilikuwa bado inaunguruma pale njiani, taratibu, na mume alikuwa amesahau kuizima.

"Chakula kiko tayari," mke alisema, akaingia ndani.

Mume alirudi akaizima. Mtaa wote ulikuwa kimya, na taa ya jikoni ikawashwa. Alikaa kwenye kizingiti, akaufungua mfuko na kuigusa sufi kwa kidole.

"Niende leo?" sufi iliuliza. "Au ningoje mwisho wa mwezi twende wote? Ningoje?"

"Nenda," alisema. "Nenda leo."

Aliigusa tena, akasema kwa sauti kubwa zaidi. Sufi ikauliza vilevile, kwa upole uleule. Huko ndani ya sufi alikokuwa mwanamke yule, injini ilikuwa bado inanguruma, na hakuna alichosikia.