Mbasela ya Mama Emilienne

Hakuna matokeo. Maneno hayo mawili yalitokea chini ya kisanduku cha kutafutia nilichokuwa nimekipachika muda huo huo kwenye tovuti yetu, nami nikaruka kutoka kitini nikishangilia.

Mama Emilienne, mkausha chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, alikuwa amekuja kunitazama nikifanya kazi. Aliacha mdomo wazi. "Umeandika chisense, haikupata kitu, na weye unafurahi?"

"Imetafuta, Mama! Inafanya kazi!"

Tangu asubuhi mistari ile ya msimbo ilikuwa imenigomea. Sasa yeyote angeweza kufungua tovuti ya wanawake wakausha samaki wa Kashikishi, akaandika neno, akaletewa picha na video za maktaba huria, ambazo waliozipiga wameziachia zitumike na wote. Zilibaki siku mbili kufika Jumamosi.

Jumamosi hiyo ilikuwa imeninyima raha. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeokota picha nzuri mtandaoni, nikaiweka kwenye ukurasa wa kwanza bila kumwomba mtu ruhusa. Mwenyewe akatuandikia barua kali. Mama Kunda, mwenyekiti wetu, mzaliwa wa Nchelenge, aliisoma mbele ya kikao kizima, kisha akatangaza kwamba kikao kijacho, cha Jumamosi hiyo, kitaamua kama tovuti ibaki au ifungwe. Tovuti hiyo ilikuwa kazi ya kwanza niliyoaminiwa nayo tangu tulipokimbia Pweto, ng'ambo ya mpaka. Bila hiyo ningerudi kuwa mkimbizi tu, na hilo niliogopa kuliko kitu chochote.

Nikaandika "kapenta", dagaa wanaofanana na wetu. Picha zikamiminika! Nikachagua moja ya kupendeza.

"Apana, Cadette," Mama Emilienne alisema. "Hii ni ya Tanganyika, iko mukubwa. Mununuzi akiona kichwa tu, atajua si chisense, atatucheka."

"Lakini ya chisense hakuna."

"Alors, tupige yetu."

Tuliteremka ufukweni karibu tukikimbia. Alianika chisense juu ya wavu, mimi nikamzunguka na simu, nikalala kifudifudi mchangani, nikapiga picha kumi na moja. Iliyoshinda zote ilikuwa ya kiganja chake kikiwa kimejaa visamaki, magamba yamemganda hadi kwenye kiwiko. Kabla ya kuipandisha kwenye maktaba ya picha huria nilimweleza kwamba watu wa dunia nzima wataruhusiwa kuichukua, mradi waandike jina lake. Nilijua atakataa.

Alifikiri kidogo. "Basi hii njo mbasela."

Sokoni kwetu, ukishanunua, muuzaji hukuongezea konzi moja juu, na hiyo ndiyo mbasela. Ila ole wako ukipeleka mkono wako mwenyewe kwenye beseni lake; soko zima litakusikia ukitukanwa.

"Ile ya kwanza ulijichotea," aliendelea. "Mbasela inatoka mu mukono ya mwenyewe."

Niliona aibu, na papo hapo nikacheka, maana ningekuwa nimemuuliza yeye mapema nisingepata barua ile.

Jumamosi wanawake ishirini na wanne walijibana kuizunguka kompyuta. Nilikuwa nimeandaa hotuba.

"Awe, hapana, maneno hatutaki," Mama Kunda alinikatiza. "Andika samaki yetu, tuone."

Niliandika. Nikakosea mara mbili, nikafuta, nikaandika tena. Alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka, halafu kiganja kikajaa kioo kizima, na chini yake: Emilienne Kabulo, Kashikishi.

"Mwenyewe ni mimi," Mama Emilienne alisema, akasimama ili wote wamwone. "Nimepana mbasela, kwa mukono yangu."

Vigelegele vililipuka. Mama Kunda hakupiga. Aliinama karibu na kioo, akasoma jina lile polepole kwa kidole, akarudia tena kutoka mwanzo. Kisha akageuka, akanitazama kwa uso wa kunidai.

"Na mimi, utanipiga picha lini?"

"Hata leo, Mama."

Tayari alikuwa anafunga upya chitenge chake. Nyuma yake wenzake walianza kusukumana kupanga mstari. Nilipiga picha hadi simu ikazimika mkononi, na bado walikuwa wamebaki tisa.