Kinanda cha Vitufe Sitini na Kimoja

Kinanda nilichoagiza kilifika Nakuru baada ya wiki kumi na sita, na kilipofika sikuwa tena na watu wa kuimba. Kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo, waya wake bado umefungwa ndani ya nailoni. Shida haikuwa kinanda.

Mimi naitwa Makhanu, fundi wa kuchomelea vyuma. Nilitoka shule darasa la sita, baba alipoachishwa kazi ya reli, na tangu hapo natengeneza mageti na madirisha. Section 58 ninakokaa, geti likikwaruza chini, ujue si langu. Jumapili napiga kinanda kanisani. Sikufundishwa na mtu.

Tulikuwa waimbaji wanne. Wangare, muuza mitumba sokoni, alishika sauti ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya Celestine, dada yangu mdogo, aliyefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha na kupanga chumba Karagita. Kipkorir, mwalimu wa shule ya msingi, alishika ya tatu. Mimi nilishika ya nne, yaani besi, pamoja na kinanda. Tulikuwa na nyimbo tisa za kutunga wenyewe, zimeandikwa kwa do re mi kwenye daftari la Mwalimu. Miaka minne tuliziimba kwenye harusi na matanga, na kila mara mtu alikuja kuuliza kaseti iko wapi. Hakukuwa na kaseti. Mwaka wa 2007 nikanunua kompyuta kuukuu kwa mtu aliyekuwa anafunga saiba yake ya intaneti, nikanunua na maiki, nikawaambia wenzangu kwamba tutarekodi chumbani kwangu.

Kilichokosekana ni kinanda. Cha kanisa hakitoki kanisani, wazee walishakata hilo shauri zamani. Kwa hivyo katikati ya Novemba nikaenda mjini kwa Hitesh, ambaye anauza spika na vyombo vya muziki kama baba yake alivyouza.

Alinitolea kitu kidogo chenye vitufe ishirini na tano. Nikabonyeza, kimya. Nikageuza nione pa kutia betri, hakuna. Nikamwambia hiki kimekufa. Alicheka, akasema hakijawahi kuwa hai.

"Hii haina sauti yake, fundi. Hii ni kontrola. Sauti zote ziko kwa kompyuta. Hii inaiambia tu umegonga wapi na umegonga kwa nguvu gani."

Akakichomeka kwenye kompyuta yake ya hesabu. Nikagonga, ikalia piano. Akabonyeza kipanya, nikagonga palepale, zikalia fidla. Akabonyeza tena, wakatoka watu wanaimba aaa. Mimi ni mtu mzima, lakini nilisimama pale kaunta nikigonga hiyo aaa mpaka wateja wakaanza kuniangalia.

Kisha tukaingia kwenye kuchagua. Hicho kidogo kilikuwa pale dukani, ningeondoka nacho siku hiyo. Kingine kilikuwa kwenye kitabu cha picha: vitufe sitini na kimoja, vinavyorudi juu kwa uzito kidogo kama vya kinanda cha kweli, na tundu la pedali nyuma. Hicho kilikuwa cha kuagizwa kupitia Nairobi. Hitesh alisema wiki mbili, labda tatu.

Nimpe haki yake: hakunisukumia kile cha bei kubwa. Alinieleza kwamba kwa kurekodi, kidogo kinatosha. Unapiga besi kwanza, peke yake. Unarudi mwanzo, unapiga mkono wa kulia juu ya besi. Kuna kitufe cha kupandisha na kushusha, kwa hivyo hakuna sauti usiyoifikia. Kompyuta inapanga moja juu ya nyingine kama matofali, na anayesikiliza hajui. Alisema hata waimbaji si lazima wawe pamoja. Mmoja anaweza kuimba Jumatatu, mwingine Ijumaa.

Nilijaribu. Mikono yangu miwili iligongana pale katikati. Nilihisi nimepewa nusu ya kazi. Mimi wimbo naupiga wote mara moja, kulia na kushoto, watu wakiwa wamesimama karibu yangu. Muziki wa kujenga vipande vipande niliuona ni wa watu wasiojua kupiga. Nikamwambia Hitesh nina mikono miwili na sitalipia kinanda cha mkono mmoja. Akasema sawa, fundi, akaandika oda ya kikubwa.

Desemba ilikuja, shule zikafungwa, Mwalimu akawa na nafasi. Celestine alipata likizo. Jumamosi tatu mfululizo walikuwa wote chumbani kwangu, kompyuta imewashwa, maiki imesimama, na kinanda hakijafika. Tulifanya mazoezi. Sijawahi kutusikia tukiimba vile. Kipkorir alikuwa na tabia ya kufunga macho akikaribia mwisho wa ubeti na kuikawiza ile sauti ya tatu kidogo, mpaka Wangare anamgusa mkono ashuke. Wangare alimtania kwamba anaimba kama mtu anayesubiri mshahara.

Jumamosi ya tatu ni Wangare aliyesema. "Si turekodi sauti leo, Fundi? Kinanda utakiweka kikija."

Nilimjibu kwamba sisi si watu wa kuimba hewani. Bila kinanda sauti hushuka kidogo kidogo, ukija kuweka kinanda haviingiani. Hilo ni kweli. Lakini tungeweza kuazima filimbi ya Mwalimu ya kutolea do, tukaanza nayo kila ubeti. Nilijua hilo nikiwa nimesimama pale. Nilikataa kwa sababu mpango ulikuwa wangu.

Tarehe ishirini Hitesh alipiga simu kusema mzigo uko Nairobi lakini karani wa kutoa mizigo amefunga ofisi mpaka uchaguzi upite. Uchaguzi ulipita, na yaliyofuata kila mtu anayajua: kura zikabishaniwa, makabila yakashambuliana.

Yetu yalikuwa hivi. Siku moja baada ya kura, Kipkorir alimpigia Wangare simu. Mama yake Wangare alikuwa na shamba dogo Kuresoi, na kwao Kipkorir ni upande huohuo. Alimwambia maneno machache: mtoe mama huko leo, usingoje kesho. Wangare akamtuma kaka yake, Kahiga. Kahiga alimtoa mama mpaka barabarani, akampakia kwenye lori la mtu, halafu akarudi kufuata ng'ombe. Hakutoka tena.

Mwezi uliofuata moto ukafika Naivasha. Celestine alilala siku nne kwenye uwanja wa polisi na blanketi moja, kisha akapanda basi la kwenda Kitale kwa wakwe zake. Hapa Nakuru watu wa kabila la Kipkorir walikuwa wanatafutwa; nyumba yake ilivunjwa, akakaa chumbani kwangu siku tisa, pazia limefungwa, nami nilikuwa nikimletea maji. Kompyuta ilikuwa palepale, na umeme ulikuwepo. Hatukuimba hata mstari. Tungesikika nje.

Katikati ya Machi Hitesh akaniita nikachukue kinanda. Nilikichomeka, nikapiga wimbo wa kwanza kwa mikono miwili, kama nilivyotaka. Kisha nikakumbuka aliyosema Hitesh: mmoja Jumatatu, mwingine Ijumaa. Yale niliyoyadharau ndiyo yaliyobaki. Nilipiga simu Kitale. Celestine alisema Nakuru harudi, lakini kama Wangare na Mwalimu wataimba, atakuja siku moja, aimbe, aondoke.

Kipkorir alikuja Jumatatu. Niliimba besi yangu kwanza, kisha yeye akavaa hedifoni, akafunga macho, akaimba sauti ya tatu ya wimbo wa kwanza mara moja tu. Mwishoni aliikawiza kama kawaida, na hakukuwa na wa kumgusa mkono.

Wangare alikuja Ijumaa. Alikuwa amekonda. Sikumwambia kwamba Kipkorir alishaimba, nilidhani wimbo wenyewe utamwambia. Nikamvisha hedifoni, nikawasha. Ubeti mmoja haukuisha akazivua, akaziweka juu ya vitufe, na kompyuta ikatoa mlio wa sauti nyingi kwa pamoja.

"Sauti yangu usiiweke juu ya yake," alisema.

Nilimwambia Kipkorir ndiye aliyemwokoa mama yake. Akaniuliza, alijuaje? Mtu asiyejua kitu anaanzaje kupiga simu na kusema leo, usingoje kesho? Kipkorir alikaa kwangu siku tisa na mimi sikumuuliza. Niliogopa atanijibu.

Kwenye ile programu kila sauti ina mstari wake, na kila mstari una kitufe cha kuunyamazisha. Nikanyamazisha wa Kipkorir. Nikamwambia Wangare sasa aimbe, hayupo. Yeye hajui kompyuta, lakini si mjinga.

"Umeifuta au umeizima?"

"Nimeizima."

"Basi iko."

Akachukua mkoba wake. Mlangoni alisema siku nitakayoifuta nimwite, ataimba zote tisa, hata kwa siku moja. Alisema kwa upole, na ndiyo maana nilimwamini.

Nilikaa na hilo jambo siku kumi. Nilijaribu kupiga sauti ya tatu kwa kinanda, ile aaa ya kompyuta, niiweke mahali pa Kipkorir. Ilikuwa safi na haikuwa na mtu ndani yake. Mwishowe nikamweleza mwenyewe. Tulikuwa tumesimama nje ya karakana yangu, nimeshika miwani ya kuchomelea. Akauliza kama Wangare kweli aliahidi zote tisa. Nikasema ndiyo.

"Nifute, Makhanu. Yeye aimbe."

Nilimwambia ninaweza kutunza nakala pembeni. Akakataa. Alisema Wangare ataniuliza, na mimi sijui kudanganya. Hilo pia ni kweli.

Nikaenda nyumbani nikafuta. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena nilipoenda kumwaga pipa lake la takataka, nikabonyeza ndiyo. Kisha nikampigia Wangare. Simu haikupatikana. Kesho yake vilevile. Nikaenda sokoni, nikakuta kwenye kibanda chake mwanamke mwingine anapanga viatu. Akaniambia Wangare alimchukua mama yake wakahamia Nyahururu Jumanne, na laini alibadilisha. Alikuwa ameniachia ujumbe kwamba nisijisumbue tena na mambo ya nyimbo, amemwambia mama yake kila kitu na mama amelia sana. Sikuelewa mama alilia kwa nini. Huyo mwanamke pia hakujua.

Nilimwambia Kipkorir ni lazima aje aimbe tena, japo ule mmoja. Alisema Mei anahamishiwa shule nyingine, Kericho, na daftari la do re mi lilibaki kwenye ile nyumba yake iliyovunjwa. Hakusema hapana. Hakuja.

Hitesh husema kontrola nikiirudisha ataniuzia. Bado iko mezani, nimeifunika kwa taulo. Nikiigonga bila kuwasha kompyuta inatoa mlio wa plastiki tu, tak, tak.

Nilitaka vitufe sitini na kimoja badala ya ishirini na tano. Hiyo ni tofauti ya thelathini na sita. Nilivingoja wiki kumi na sita. Jumamosi tulizokuwa wote wanne mbele ya maiki zilikuwa tatu. Nyimbo zilikuwa tisa, na mpangilio wa saba siukumbuki tena bila daftari. Sauti ya kwanza haikurekodiwa, ya pili haikurekodiwa, ya tatu ilirekodiwa mara moja nami nikaifuta kwa mkono wangu. Ndani ya kompyuta kuna wimbo mmoja. Una kinanda, na una besi.