Fomu ya Njano ya Kibendera

Ofisi ya ligi ilikuwa na mihuri sita, na Karani aliijua kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe. Mitano haina neno. Wa sita ulikuwa mweusi, mpini umeng'aa kwa kushikwa, na uso wake ulisema: HAIHUSIANI NA MCHEZO. Huo ndio uliokunywa wino kuliko wenzake wote. Barua ya shabiki aliyetaka ligi imtafutie mchumba, pa! Barua ya bwana aliyedai filimbi ya mwamuzi imemtoroshea mbwa, pa! Na barua mbili za mke wa Radi. Pa, pa.

Radi alikuwa mshambuliaji. Watu wanasema akipiga shuti, kuku wa mtaa wa tatu wanaacha kutaga wiki nzima. Kipa mmoja alilidaka shuti lake, likampeleka mpaka wavuni, na alipotoka wavuni alikuwa ameacha mpira. Siku hizi anauza miwani. Sura ya Radi ilikuwa kwenye kila bango la ligi, kifua mbele, ngumi juu, na zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kufika fainali.

Barua za mkewe zilikuwa fupi. Alisema amepigwa, tena si mara moja. Alisema amehamia kwa shangazi yake yeye na bintiye. Alisema amekwenda polisi, na ofisa wa zamu akamjibu, "Ligi yake yenyewe haijaona kosa, sisi tulione kwa miwani gani?" Kwa hiyo aliiomba ligi ione.

Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu alisoma ya kwanza akiwa amesimama. "Mambo ya chumbani haya," alisema. "Sisi tunahusika na kilichomo ndani ya mistari ya chaki." Ya pili hakuisoma. Karani akagonga muhuri, na siku ile chakula cha mchana kilimshinda, akasingizia jino.

Mama Chai, aliyekuwa akizungusha chupa na vikombe katika ofisi hiyo tangu ukuta ukiwa na rangi nyingine, alimtazama tu.

"Jino gani hilo linauma kwenye dhamiri?"

"Mama Chai, fanya kazi yako."

"Naifanya. Nauliza tu: na mimi nikipigwa nikuletee barua, au nami sihusiani na mchezo?"

Karani alifungua droo akautupia ule muhuri ndani, kisha akaifungua tena akautoa, maana kazi ni kazi.

Jumanne asubuhi mke wa Radi akaja mwenyewe. Hakuja na barua. Alikuja amevaa suti nyeusi ya mazoezi yenye nembo ya waamuzi kifuani, mkononi ameshika karatasi ya njano. Maana mke wa Radi naye alikuwa mtu wa ligi: mwamuzi msaidizi mwenye leseni, mshika kibendera bora kuliko wote waliopata kukimbia pembeni mwa mstari. Walimwita Kibendera. Jicho lake lilikuwa jicho kweli. Aliwahi kumwona mchezaji ameotea kwa upana wa ukucha, mvua inanyesha na jua linawaka kwa wakati mmoja, na kocha aliyekuja kubisha aliondoka amemwomba radhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Karani alitazama meza, dari na vidole vyake. Kila mahali isipokuwa shavu la kushoto la mgeni wake.

"Nimeleta ripoti."

"Ripoti ya mechi gani? Jumapili hukupangwa."

"Soma kwanza, mzee."

Karani alisoma mstari wa kwanza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ilikuwa fomu rasmi ya mwamuzi, ile ya kuripoti vurugu za mchezaji, imejazwa kuanzia juu mpaka chini kwa herufi zilizosimama wima kama wanajeshi. Na fomu ya njano, wajomba, si barua. Fomu ya njano haigongwi muhuri. Inaandikwa kwenye daftari la mapokezi, inapewa namba, na ndani ya siku saba lazima isomwe mbele ya kamati, yote, kwa sauti, na karani mwenyewe, bila kurukwa nukta. Ndivyo ligi ilivyofanya kazi miaka yote.

"Umeandika kanuni namba ngapi?"

"Arobaini na saba."

Karani alihisi nywele chache zilizobaki kichwani mwake zikisimama moja moja. Akachukua kalamu, akaandika namba kwenye daftari.

Mwenyekiti alilipitia daftari saa nane mchana. Akamwita Karani, akafunga mlango.

"Karani, lile kabati lako la mafaili limemeza karatasi nyingi kwa nyuma."

"Nyingi sana, Mwenyekiti."

"Moja zaidi haitalivimbisha tumbo."

Mwenyekiti aliegemea mlango.

"Umebakiza miezi mitatu ustaafu. Ningependa tukuage vizuri, kwa keki na hotuba. Tumeelewana?"

"Nimekuelewa, Mwenyekiti."

Kuelewa alielewa. Alirudi ofisini kwake, akasimama mbele ya kabati, fomu mkononi. Upenyo ule wa nyuma ulikuwa palepale, mwembamba, mweusi, unamngoja. Ilikuwa ni kufungua vidole viwili tu. Mama Chai aliingia na kikombe, akakiweka, asiseme neno. Mwanamke yule, kunyamaza, hilo Karani hakupata kuliona kabla ya hapo.

Basi badala ya kufungua vidole, alifungua kabati. Alizama humo mpaka kiunoni. Alitoka saa moja baadaye, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga, amekumbatia jalada la miaka kumi na saba nyuma.

Alhamisi kamati ikakaa. Mwenyekiti kichwani mwa meza, wajumbe wanne pembeni. Upande mmoja Radi katika suti iliyombana mabega, na wakili wa klabu yake mwenye mkoba unaolia kila unapofungwa, kwaa! Upande wa pili Kibendera, peke yake, mgongo umenyooka, mikono magotini.

Karani alisimama akasoma. Alikuwa amesoma ripoti elfu na kitu maishani, zote kwa sauti ileile ya mtu anayesoma orodha ya michango ya matanga ya jirani asiyemjua. Alianza hivyohivyo.

"Mahali: jikoni, nyumba namba tisa. Hali ya uwanja: sakafu ina maji, sufuria imeanguka. Mwanga: wa kutosha. Umbali wa mwamuzi kutoka kwenye tukio: hakuna umbali."

Mjumbe mmoja aliyekuwa akikoroga chai aliacha kukoroga.

"Maelezo ya tukio. Saa moja na dakika kumi na mbili, mchezaji alinisukuma kwa mikono miwili. Mpira haukuwepo. Saa moja na dakika kumi na tatu alinipiga kwa mkono wa kulia, uliofungwa, upande wa kushoto wa uso. Nilianguka. Mchezaji aliendelea. Saa moja na dakika kumi na sita mtoto aliingia. Mchezaji alisimama. Uchochezi kabla ya tukio: niliuliza atarudi saa ngapi. Mashahidi: jirani wa mlango wa pili, aliyefungua mlango, akaufunga."

Sauti ya Karani ilikuwa imeshabadilika, na hakujua imebadilikia wapi. Kulibaki kisanduku kimoja chini ya fomu.

"Hatua iliyochukuliwa na mwamuzi." Aliisogeza fomu karibu na macho. "Sikuwa na kadi."

Jamani, chumba kilinyamaza. Feni ya darini iliendelea kuzunguka, lakini nayo, Karani aliapa baadaye, ilizunguka kwa adabu. Watu wale walikuwa wamekaa kwenye meza ile miaka na miaka wakipima upana wa rafu kwa rula, na hakuna hata mmoja aliyepata kusomewa kitu kama kile. Na mwandishi wake ameketi pale, halii, hatetemeki, anangoja uamuzi kama mwamuzi anavyongoja mpira ukae chini ndipo apulize.

Wakili akawa wa kwanza kupata ulimi. "Mwenyekiti, tunampa pole mama. Lakini kanuni ya arobaini na saba inazungumzia mchezaji kumpiga mwamuzi. Jioni ile hakukuwa na mechi. Pale jikoni palikuwa na mke, hapakuwa na mwamuzi."

"Hoja nzito hiyo," alisema Mwenyekiti, na pumzi ikamtoka kwa raha.

Ndipo Karani alipokohoa. "Mwenyekiti, kuna muhtasari wa kikao kilichopitisha kanuni hiyo. Niusome?"

Hapa lazima mjue kitu. Mwenyekiti naye alikuwa mwamuzi enzi zake. Na siku moja, miaka kumi na saba nyuma, alikuwa kwenye kituo cha mafuta, amevaa kandambili, anaweka upepo kwenye tairi, akatokea beki aliyekuwa amenyimwa naye penalti wiki ile, akamzaba kofi la kulia mpaka redio ya gari ikabadilisha stesheni. Ligi nzima ilicheka. Mpaka leo nyuma ya mgongo wake walimwita "Shavu". Yeye hakucheka. Alikwenda kuandika kanuni.

"Usome wa nini?" alisema Mwenyekiti.

"Soma," alisema yule mjumbe wa chai.

Karani akasoma. "Mjumbe aliuliza: je, mwamuzi akipigwa akiwa hayuko kazini? Mtoa hoja akajibu: mwamuzi ni mwamuzi sokoni, bafuni na usingizini. Mjumbe akauliza: hata nyumbani kwake? Mtoa hoja akajibu: hata akiwa jikoni kwake anakaanga yai. Adhabu ni kufungiwa miezi kumi na miwili, haipunguzwi. Ikapitishwa." Akafunga jalada. Vumbi likapanda taratibu katikati yao. "Mtoa hoja ametia saini hapa chini, Mwenyekiti. Ni wewe."

Mkono wa Mwenyekiti ulipanda wenyewe ukaligusa shavu, la kushoto. Ukakaa hapo. Akamtazama Kibendera, na kwa mara ya kwanza tangu barua ya kwanza alimwangalia usoni, akaona alama imekaa palepale mkono wake ulipo. Watu walioliona jambo hilo wanasema Mwenyekiti alizeeka na kupata ujana kwa mpigo mmoja, na mimi sibishi.

"Radi," alisema, sauti imeshuka. "Ulimpiga?"

"Mzee, haya ni mambo ya nyumbani..."

"Sijakuuliza wapi. Nimeuliza kama."

Radi aliangalia ngumi zake mezani, kubwa, kama vitu alivyokabidhiwa na mtu mwingine avishike. "Nilimpiga."

"Miezi kumi na miwili. Kuanzia leo."

"Mwenyekiti, fainali!" Wakili aliruka, mkoba ukalia kwaa. "Mabango! Tiketi!"

"Bandueni mabango." Mwenyekiti aligeukia upande wa pili. "Mwamuzi, una la kuongeza?"

Kibendera alisimama. "Naomba nakala ya uamuzi. Ya kwenda nayo polisi."

Karani aliuchapa uamuzi pale pale. Alipoupata muhuri wa NAKALA HALISI, aliugonga ukasimama upande, lakini wino ulikolea. Alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alisema, "zile barua zako mbili, ni mimi niliyezigonga."

"Najua, mzee. Ziliporudi niliutambua wino." Aliikunja nakala mara mbili. "Na leo pia nimeutambua."

Jambo lingeishia hapo, ningekuwa nimewapotezea muda. Jumatatu Karani alifika kazini akakuta mlango wa ofisi hauonekani. Umezibwa na wanawake. Foleni ilitoka mlangoni, ikashuka ngazi, ikapita kwenye maegesho, ikazunguka ukuta wa uwanja, na mlinzi wa geti anaapa mkia wake hajauona mpaka leo. Wa mbele kabisa alikuwa mke wa nahodha, mjamzito wa miezi minane. Nyuma yake mke wa kipa, dada wa beki, mchumba wa kiungo, mama mzazi wa winga, na wengine ambao hawakuwa na mchezaji yeyote.

Mwenyekiti alilazimika kupenya ubavu ubavu. "Kuna nini hapa?"

"Tumekuja kujiandikisha kozi ya uamuzi," alisema mke wa nahodha.

"Wote hawa?"

"Wengine bado wako kwenye ngazi."

Mwenyekiti alisimama. Aliangalia sura zile moja baada ya nyingine, mbali mpaka zilipopinda kona ya ukuta, na alivyoangalia alivua kofia, bila kujua kwamba ameivua. Hakuna aliyepiga kelele. Walimtazama tu, kimya, kama mashabiki wanaongoja penalti, ila hawa walikuwa wameingoja kwa miaka. Mkono ukaenda shavuni. Kisha akaingia ndani akamwita Karani.

"Leta kanuni ya arobaini na saba. Na kalamu."

"Niandike nini?"

"Hapo palipoandikwa 'mwamuzi'. Kata. Andika 'mtu yeyote'. Jioni kamati itapitisha, na asiyetaka kupitisha nitamtuma nje akawaeleze wale kwa mdomo wake."

Karani alikata neno moja, akaandika mawili. Miaka thelathini na moja ya kuandika, na hakupata kuandika kitu kizito namna ile. Akatoka mlangoni na karatasi mkononi.

"Mama zangu, dada zangu! Kanuni inabadilishwa. Sasa si lazima uwe mwamuzi. Mnaweza kurudi nyumbani."

Hakuna aliyesogea. Mke wa nahodha alihamishia uzito kwenye mguu wa pili, akanyoosha kiganja.

"Tumesikia, mzee. Leta hizo fomu za kozi."

Karani akageuka azifuate, akamkuta Mama Chai ameshakaa kwenye kiti chake, chupa ya chai ameiweka chini, ile mihuri ameisukuma pembeni, na anaijaza fomu ya kwanza.