Farasi wa Cheche

Mdogo wangu ana kamera, mimi nina mkono. Kwa miaka mitano tumekuwa tukipanda juu ya paa la nyumba ya mama, usiku usio na mwezi. Yeye anaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu na kuiacha wazi nusu dakika. Mimi nawasha kijiti cha cheche, vile wanavyochezea watoto, nachora hewani, na pichani moto unabaki kama mstari. Farasi nilimmaliza kwa kijiti kimoja: kwato, tumbo, shingo, na mkia mwisho kabisa, moto ukininyemelea vidoleni. Navaa nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni na situlii mahali pamoja, kwa hiyo kamera hainioni. Inaona moto tu.

Ukumbi wa maonyesho ulipochukua picha zetu kumi na mbili, niliomba kitu kimoja: jina langu liandikwe chini ya picha, pamoja na lake.

"Dada, ukumbi unataka jina moja," alisema, akifuta lenzi. "Majina mawili yanachanganya watu."

"Basi waweke langu."

Akacheka kama mtu aliyetekenywa. Mama, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, akadakia, "Mwanangu, huyo ni mdogo wako. Wivu gani huo?"

Wivu! Mimi niliyempigia pasi mpaka soksi za shule. Nikamsaidia mama kukunja nguo, lakini si kwa wema.

Jioni ya ufunguzi, mwenye ukumbi, mwanamke wa makamo mwenye miwani mikubwa, akataka wageni waone picha ikipigwa pale pale uani. Mdogo wangu akanipa vijiti. Nikamrudishia.

"Leo chora wewe, nibonyeze mimi."

"Dada, usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Kwani kuna kazi gani? Si kupunga mkono tu?"

Hayo ndiyo aliyokuwa amewaambia wageni saa moja kabla, nami nimesimama hapo hapo nasikia. Akaenda na vijiti vyake.

Alikuwa amevaa shati jeupe, limepigwa pasi likanyooka. Siku nyingine angelikumbuka na kulivua, maana kitu cheupe kikitulia mbele ya moto lazima kamera ikishike. Mimi nililiona, nikajitia hamnazo. Nilitaka aumbuke, sisemi uongo. Taa zikazimwa. Akaganda pale pale, anazungusha kijiti, hajui farasi anaanzia wapi. Nikabonyeza, nikahesabu hadi thelathini, nikaifunga kamera.

Projekta ikaitupa picha ukutani, kubwa. Farasi hakuwemo. Lilikuwepo fundo la nyuzi za moto ambalo hata mtoto wa chekechea angelikana. Lakini katikati ya fundo alikuwepo mdogo wangu, shati linang'aa, uso umeinuka, macho yamemtoka kwa hofu ambayo pichani ilifanana na ibada. Nikasubiri kicheko.

Wageni wakapiga makofi.

"Hatimaye tumemwona mchoraji mwenyewe!" akasema mwenye ukumbi. Akatoa kalamu mkobani, akaingia ndani, na kila palipoandikwa kwamba mpiga picha ni mdogo wangu, akaongeza: na mchoraji. Alikwenda hivyo picha kwa picha, zote kumi na mbili. Mdogo wangu alikuwa na muda wa kusema ukweli. Alinitazama, akafungua mdomo, akasikia makofi hayajaisha, akaufunga.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi changu nilikichimba kwa mikono miwili. Watu wakapanga foleni kupiga picha naye chini ya farasi wangu. Mama alikuwa wa kwanza, ameshamshika mkono. Mwenye ukumbi akanigusa bega, kwa upole kabisa.

"Samahani, dada, sogea kidogo. Unamziba mchoraji."

Nikasogea. Tena nikaomba radhi.