Guduud Hamjui Awil

Sahro alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Bura, mbwa alipoanza tena. Kwanza aliuacha mfupa wake. Kisha akalizunguka zizi la mbuzi, akarudi, akalizunguka tena, mkia ameubana katikati ya miguu, akilia kwa sauti nyembamba kama mtoto anayekatazwa kulia. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa miiba ya zizi.

Mbwa huyo alikuwa mchanga, hajafunga mwaka. Liban, shemeji yake Sahro, ndiye aliyemleta akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kofia, ili akikua awalinde mbuzi dhidi ya fisi. Kwa sababu ya rangi yake alimwita Guduud, yaani mwekundu. Mchana alikuwa mbwa mwenye akili zake. Jioni tu ndipo mambo yalipomharibikia. Liban alimkagua masikio, akamtoa kupe, haikusaidia. Walitafuta nyayo za fisi, wakapekua kuni wakitafuta nyoka, wasione kitu.

Jioni hiyo Sahro aliweka kibuyu chini akatazama kule mbwa alikokuwa akitazama. Njia itokayo barabara kuu ilikuwa tupu. Juu ya mchanga wake kilikuwa kinakuja kivuli cha mtu mrefu, kikitembea bila haraka, miguu ikielekea machweo kama vivuli vyote vya saa ile. Mtu mwenyewe hakuwepo. Kivuli kilipanda ua wa miiba, kikashukia ndani, na mbuzi wakubwa wakakipisha kama walivyozoea kumpisha mwenye nyumba. Waliokimbia ni wanambuzi.

"Ni Awil," alisema Bilan, mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi mkekani na tasbihi. "Tazama bega la kushoto lilivyoshuka. Tangu alipoanguka kwenye ngamia."

Awil alikuwa mume wa Sahro. Mwaka uliopita, watu waliokuja na gari lisilo na nambari walimchukua sokoni mchana, watu wakiona, akiwa ameshika kamba ya mbuzi aliyetaka kumuuza. Hawakusema wao ni nani. Mbuzi alirudi nyumbani peke yake, akiburuta kamba.

"Mbona mbwa analia hivi, eddo?" aliuliza Sahro.

"Hamjui. Walipomchukua, huyu alikuwa bado hajazaliwa."

Kivuli kiliketi kando ya mlango, pale Awil alipopenda kunywea chai. Bilan akamwambia Sahro alete chai, akaleta. Alipoinama kuweka kikombe ndipo alipoiona mikono. Ilikuwa nyuma ya mgongo, imeshikana kwenye vifundo, na haikuachana hata kivuli kilipojaribu kugeuka. Akaketi palepale mchangani mpaka adhana ya magharibi, jua likazama, na kivuli kikaondoka pamoja na vivuli vingine vyote. Chai ikabaki kikombeni.

Tangu hapo kikawa kinakuja kila jioni yenye jua. Sahro alikizoea kivuli, ila ile mikono hakuizoea. Kuna jioni kilifika kimepiga magoti, kikatembea hivyo hivyo tangu barabarani. Na kuna jioni kilikuja kimelala, kikiburutwa juu ya mchanga na kitu ambacho chenyewe hakikuwa na kivuli. Siku hiyo Sahro hakuweza kula, na Guduud alilia mpaka sauti ikamkauka.

Liban alikuwa mdogo wake Awil, mwenye duka la dawa za mifugo pale Bura, na tangu kaka yake achukuliwe yeye ndiye aliyekuwa akienda maofisini kuuliza. Safari hii alikipiga kivuli picha kwa simu, akapanda gari la Garissa.

Afisa aliikuza picha kwa vidole. "Hiki ni kivuli," alisema.

"Cha kaka yangu."

"Sisi hatushughulikii vivuli. Wengine pia wametuletea, wa Habaswein, wa huko Buna. Tumewaambia hivyo hivyo. Sisi tunatafuta watu."

"Basi mtafuteni mtu. Amefungwa mikono, afande. Angalia hapa."

Afisa alimrudishia simu. "Hii picha nani mwingine ameiona?"

"Nyumbani wote wameiona."

"Na wewe unaitwa nani vile?"

Liban akamtajia jina lake, la baba na la babu, na mahali anapolala.

Alirudi Bura jua likielekea kuzama, akaketi mkekani karibu na mama yake, akawa anawaeleza alivyojibiwa. Guduud alianza mapema kuliko siku zote. Hakulizunguka zizi. Alitazama njia, akakimbia kwa Liban akamnusa mgongoni, akakimbilia njiani, akarudi tena, akitetemeka mwili mzima.

Vivuli vilivyokuja vilikuwa viwili. Cha nyuma kilikuwa kifupi, kimevaa kofia, masikio yamechomoza pembeni. Mikono yake pia ilikuwa nyuma.

Sahro alimtazama Liban. Jua lilikuwa likimpiga usoni sawasawa. Nyuma yake mkeka wote ulikuwa unang'aa, hadi ukutani.

"Liban," alisema. "Geuka."

Liban aligeuka. Aliinua mkono, akaupunga juu ya mkeka, akausogeza karibu, akaupunga tena.

"Kimenitangulia," alisema polepole.

Bilan aliacha kuvuta tasbihi. "Asubuhi ulikuwa nacho?"

"Sikuangalia, hooyo. Nani huangalia?"

Hakuna aliyeinuka. Guduud alikuwa akikibwekea kivuli, kisha akija kujibanza kwenye miguu ya Liban, kisha akikirudia, kama asiyejua amlinde nani dhidi ya nani.

Waliafikiana aondoke aende Buna, kwa wajomba zake. Kulikuwa na lori lililokuwa likipanda kaskazini kuchukua ng'ombe, na dereva alikuwa mtu wanayemfahamu. Sahro alimfungia mikate ya anjera na maziwa, na fundo likamshinda, akalifunga tena.

"Ukifika piga simu."

"Nitapiga, abaayo."

Alipoondoka asubuhi jua lilikuwa limeshachomoza. Alivuka uwanja wote wa mchanga bila kuutia giza mahali popote.

Dereva ndiye aliyepiga simu. Alisema mbele ya Habaswein walikuta magari yamefunga barabara. Watu wake hawakutaka vitambulisho vya abiria. Walimuulizia Liban kwa jina lake, la baba na la babu, wakamteremsha, wakaruhusu lori liendelee. Dereva alisema maziwa yake yalibaki kwenye kiti, akauliza ayafanyeje.

"Yanywe," alisema Bilan.

Jioni hiyo Sahro alitoa vikombe viwili. Vivuli vilipofika Guduud hakulia. Hiki cha pili alikijua. Alikifuata mpaka kilipoketi, akakinusa, akalala nyuma ya mgongo wake, na akaanza kung'ata pale vifundo viliposhikana. Aling'ata kwa bidii, akitikisa kichwa, na kila mara akatoka na mchanga mdomoni. Sahro alitaka kumfukuza.

"Mwache," alisema Bilan. "Yeye angalau anajaribu."

Aliyebaki wa kwenda Garissa sasa ni Sahro. Alikwenda siku ya soko, akangoja kwenye benchi mpaka akaitwa. Afisa alikuwa yule yule.

"Vivuli vingapi?" aliuliza.

"Viwili."

"Mama, nilishamwambia yule kijana. Sisi tunatafuta watu."

"Yule kijana ndiye wa pili."

Afisa alisogeza kikombe chake. "Wewe unaitwa nani?"

Sahro alifikiria kutaja jina la uongo, akalitafuta, asilipate.

"Sahro."

"Jina lote."

Akalitaja lote.

Nje lilikuwa jua la utosini. Alisimama mlangoni, watu wakimpita huku na huku, macho ameyakaza kwenye paa za maduka ya ng'ambo, akiogopa kuyashusha. Kisha akayashusha. Kilikuwepo, kifupi, kimejikusanya chini ya viatu vyake. Akaharakisha kwenda stendi kuliwahi gari la Bura, na njia nzima hakuinua macho kutoka ardhini.