Wigi la Jubilei

Octavian alikuwa mkaguzi wa ubora wa bidhaa, na kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akitamba kwamba hakuna feki inayopita mbele yake. Betri, nondo, mafuta ya kupikia, yeye akigusa tu ameshajua. Kwa hiyo utalielewa jasho lililomtoka Jumamosi ile, uani kwa Mwalimu Yudith, mfinyanzi wa mtaa wa Kikuyu mjini Dodoma, aliposikia kwamba wiki inayofuata kila mwanafunzi aje na nywele.

Wanafunzi walikuwa sita, watu wazima wote, wengi wao watumishi waliohamia Dodoma na serikali wakakosa cha kufanya mwisho wa wiki. Kozi ya ufinyanzi aliitaka Edina, mkewe. Octavian alijiunga kwa sababu hakutaka kubaki nyumbani akijipikia. Yudith, mzaliwa wa Mvumi aliyefinyanga tangu utotoni na kujifunza uchomaji wa Kijapani wa raku ukubwani, aliwaeleza hatua zenyewe: chungu kinatolewa tanurini kwa koleo refu kingali na moto mkali, unalaza unywele juu yake, nao unaungua papo hapo na kuacha mstari mweusi usiofutika. Ng'ambo wanatumia mkia wa farasi. Hapa farasi hakuna, basi walete za punda, za ng'ombe, hata za binadamu, tena hizo ndizo zinazochora mstari mwembamba kuliko zote.

"Ila za plastiki msiniletee," alisema. "Zinayeyuka na kukiharibu chungu."

Edina aligusa nywele zilizomfunika mabega, akatabasamu. "Mimi ninazo. Za mtu kabisa. Mume wangu alizikagua mwenyewe."

Mume wake akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubadhi.

Ukweli ni kwamba mwaka juzi, kwa jubilei yao ya miaka ishirini na mitano ya ndoa, Octavian alimwahidi mkewe wigi la nywele halisi, akasahau hadi asubuhi ya sherehe, akakimbilia sokoni Majengo na kuokota la plastiki kwenye lundo. Alijua ni plastiki kabla hata ya kulishika. Lakini mbele ya wageni ulimi ulimponyoka, akasema ni orijino, na Edina akalivaa kanisani huku akiwasimulia wanakwaya wote. Octavian alikusudia kusahihisha Jumatatu. Jumatatu hiyo ilikuwa bado haijafika.

Sasa siri yake ilikuwa inangoja moto. Likiyeyuka wigi, limeyeyuka na neno lake, na Edina hatamwamini tena hata akisema leo kuna joto. Akaamua kwamba nywele za punda zikiwa tele hakuna atakayelihitaji wigi. Alimwendea Uwesu, mchota maji mwenye punda wawili, akamwomba nywele za mkia. Uwesu akauliza za nini. Octavian, na tai yake shingoni, akajibu kwamba ni za kuchoma. Uwesu alimwangalia kama mtu aliyetumwa na mganga, akamuuliza kwa adabu anagombea jimbo gani. Mwishowe alimruhusu, ila punda hakuwa ameulizwa, na mkaguzi alirudi nyumbani akichechemea, ameshika nywele za kujaza kiganja.

Jumamosi Edina alizisifu sana nywele hizo, akawagawia wenzake zote, akabaki na kifurushi chake alichokata nyuma ya wigi. Octavian akapagawa. Kichwani hakuwa na cha kutoa, kwa hiyo, ili Edina aone kuna nywele nyingine za mtu, alijitolea masharubu. Aliomba mkasi, akayakata mbele ya darasa, masharubu aliyoyatunza tangu alipoajiriwa, akayanyunyizia chungu chake. Hayakuchora kitu. Yaliacha vidoadoa, chungu kikawa kama kilichotembelewa na nzi. Watu walicheka, naye akacheka kuwazidi wote, kwa woga tu.

Kisha Yudith akatoa chungu cha Edina. Edina alifungua kifurushi, akachomoa unywele mrefu. Octavian aliona mkono wake ukishuka, na akasikia aibu ya kweli, siyo ya kuumbuliwa bali ya kumwacha mwanamke huyu aumbuke kwa ajili yake.

"Mama Erica, usiweke," alisema. "Ni plastiki. Nilijua tangu siku ile ile."

Edina alimtazama, akarudisha macho kwenye chungu, akaulaza unywele.

Haukuyeyuka. Ulijikunja, ukawaka kidogo, ukaacha mstari mweusi mwembamba, mzuri kuliko wa punda yeyote. Akaweka wa pili, wa tatu. Na huyo Octavian, badala ya kuona haya, alianza kufurahi: kumbe muuzaji ndiye aliyekosea, kumbe mkono wake uliokota orijino bila yeye mwenyewe kujua. Alikuwa tayari akipanga namna ya kuisimulia kazini.

"Lile lako liliyeyuka Pasaka ya mwaka jana," Edina alisema taratibu, macho yake yakiwa bado kwenye chungu. "Niliinama kwenye oveni. Nikanunua hili. Ni refu zaidi, na rangi yake ni kahawia."

Octavian aliliangalia wigi. Kweli lilikuwa la kahawia. Zaidi ya mwaka mzima lilikuwa limekaa mbele yake mezani, kichwani mwa mkewe, asubuhi na jioni.

Aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakumwambia.

"Nilikuwa nangoja ujue mwenyewe," Edina alisema. "Kila kitu cha watu unakigusa, Baba Erica. Nilidhani siku moja utanigusa na mimi kichwa."

Octavian alinyoosha mkono kuelekea kwenye nywele za mkewe. Ulikuwa umejaa masizi na udongo. Edina aliutazama, akamwambia akanawe kwanza.

Alikwenda mbio.